Usonji: mama wa Katuba asome nini?

Wasikilizaji, tuzungumze kidogo juu ya usonji. Mtoto mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, akiitwa haitiki. Kengele ya shule ikilia anaziba masikio. Jirani ananong'ona: ndoki, yaani mchawi. Sheria ya Kongo ya 2009 ya kulinda mtoto inaadhibu anayemsingizia mtoto uchawi, sawa, lakini haimwambii mama afanye nini jioni. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi: keti chini ucheze naye, mwonyeshe kikombe huku ukikitaja, msifu akijaribu. Kwa hiyo maandishi yapo. Sasa upande wa pili: mengi ni Kifaransa au Kiingereza, na mwalimu mwenye darasa lililofurika atauliza, nisome saa ngapi? Ana haki. Mimi naona kurasa chache za Kiswahili, hata zikisomwa hapa redioni, zingetosha kuanzia. Nani atazigharamia?