Sifa, Utunzi na Haki: Je, Led Zeppelin Wanastahili Jina Walilonalo?



Wahenga walisema kwamba ngoma ivumayo haidumu. Methali hiyo imeshindwa walau mara moja. Bendi ya Kiingereza iitwayo Led Zeppelin iliundwa London mwaka 1968, ikavuma kwa miaka kumi na miwili, ikavunjwa Desemba 1980 baada ya mpiga ngoma wake, John Bonham, kufariki Septemba mwaka huohuo. Mvumo wake haujatulia hadi leo. Albamu yake ya nne, iliyotoka Novemba 1971, imehesabiwa na chama cha kampuni za kurekodi za Marekani kuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 20 katika nchi hiyo pekee. Waliosalia watatu walipokutana tena kwa onyesho moja tu jijini London, Desemba 2007, huku mwana wa Bonham akikalia ngoma za baba yake, walioomba tiketi walikuwa mamilioni, ilhali ukumbi wenyewe huchukua watu elfu ishirini hivi.

Mhadhara huu unauliza kama bendi hiyo inastahili jina hilo kubwa. Huenda wapo watakaoona ajabu swali la muziki wa roki kuletwa mbele ya hadhira ya taaluma za Kiswahili. Lakini shauri la Led Zeppelin, likiondolewa magitaa na makelele, linabaki kuwa shauri la utunzi: nani ametunga, nani ameimba, nani amepanga upya kazi ya mwingine, na ni jina la nani linaloandikwa juu ya kazi hiyo. Mwanafunzi yeyote aendaye uwandani na kinasasauti kukusanya nyimbo za harusi au za jando hukutana na maswali hayohayo, na mara nyingi huyakwepa kwa kuandika chini ya ukurasa: wimbo wa jadi.

Kitenzi kustahili kina tabia moja ambayo wanaobishana juu ya bendi hii huisahau. Hakikamiliki peke yake. Mtu hustahili kitu fulani kwa sababu fulani. Visipotajwa viwili hivyo, neno linaning'inia. Wapenzi wa Led Zeppelin husema bendi inastahili, na wapinzani husema haistahili, na kila upande una jambo lake moyoni ambalo mwingine halioni. Ubishi wa namna hiyo unaweza kuendelea miaka hamsini, na kwa hakika umeendelea.

Kwanza itolewe haki ya mafundi. Jimmy Page, mpiga gitaa, na John Paul Jones, mpiga gitaa la besi na kinanda, walikuwa wapigaji wa kukodiwa katika studio za London kabla ya bendi kuundwa; walijua kazi ya kurekodi ndani na nje. Albamu ya kwanza, iliyotoka Januari 1969, ilirekodiwa, kwa maelezo ya Page mwenyewe, kwa muda wa saa 36 hivi. Page ndiye aliyekuwa mtayarishaji wa albamu zote za bendi. Alielewa jambo ambalo wengi wa wakati wake hawakulielewa, kwamba umbali kati ya ngoma na maikrofoni ni sehemu ya muziki. Wimbo wa mwisho wa albamu ya nne, When the Levee Breaks, ulirekodiwa katika nyumba kuukuu ya Headley Grange, mkoa wa Hampshire. Ngoma za Bonham ziliwekwa chini ukumbini penye ngazi, na maikrofoni zikaning'inizwa juu kabisa. Kinachosikika ni nyumba nzima ikipigwa. Mapigo hayo yalikuja kunyofolewa na kutumiwa tena na wanamuziki wa kufokafoka, Beastie Boys wakiwa miongoni mwao mwaka 1986, na mwenye kuyasikia mara moja huyatambua popote.

Au usikilizwe Kashmir, wa mwaka 1975. Ngoma zinahesabu nne wakati gitaa linahesabu tatu, na msikilizaji hukaa katikati asijue amfuate nani hadi mikondo miwili inapokutana, kisha inaachana tena. Watu wa pwani waliozoea ngoma za kupishana mapigo hawatashangazwa na mbinu hiyo. Wanaweza kushangazwa na uzito iliopewa. (Maneno ya wimbo, kwa njia, yalizaliwa katika safari ya gari kusini mwa Moroko, Kashmir hawakuwa wamefika.) Katika mambo haya, yaani upangaji, mdundo, na ujenzi wa sauti ndani ya studio, hakuna deni. Wakosoaji wa mwanzo walioidharau albamu ya kwanza, gazeti la Rolling Stone likiwa mbele yao mwaka 1969, walikosea kwa sababu walitafuta maneno mazuri mahali ambapo kazi ilikuwa imefanywa kwa sauti.

Shida inaanza pale lebo ya santuri inaposomwa.

Katika albamu ya kwanza mna nyimbo mbili za Willie Dixon, mtunzi mkubwa wa bluzi aliyezaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1915 na kufanya kazi Chicago. Nyimbo hizo ni You Shook Me na I Can't Quit You Baby, na jina la Dixon limeandikwa kama inavyopasa. Katika santuri hiyohiyo mna wimbo Dazed and Confused, ulioandikwa kwa jina la Page. Wimbo huo ulikuwa umetungwa na kurekodiwa mwaka 1967 na Jake Holmes, mwimbaji wa New York, ambaye Agosti mwaka huo alitumbuiza jukwaa moja na Yardbirds, bendi ya awali ya Page. Mna pia Babe I'm Gonna Leave You, uliotajwa kuwa wa jadi kwa mpango wa Page. Haukuwa wa jadi. Uliandikwa na Anne Bredon katika miaka ya 1950, ukafika masikioni mwa Page kwa santuri ya Joan Baez ya mwaka 1962. Jina la Bredon halikuwekwa hadi mwaka 1990.

Albamu ya pili, ya Oktoba mwaka uleule wa 1969, inafunguka kwa Whole Lotta Love. Maneno yake yanafanana mno na You Need Love, wimbo wa Dixon ulioimbwa na Muddy Waters mwaka 1962. Dixon alishtaki mwaka 1985, wakapatana nje ya mahakama mwaka 1987, na jina lake sasa limo katika orodha ya watunzi. The Lemon Song ulichukua kutoka Killing Floor wa Howlin' Wolf. Wenye hakimiliki walidai, wakapatana mwaka 1972. Holmes naye alifungua kesi mwaka 2010, ikamalizwa kwa mapatano.

Watetezi wa bendi wana hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Bluzi, wanasema, ni bahari ya wote. Dixon, Howlin' Wolf na Muddy Waters walichota humo mafungu ya maneno na mizunguko ya gitaa isiyo na mwenyewe. Isitoshe, Small Faces, bendi nyingine ya London, walikuwa wameshauchukua wimbo uleule wa Dixon mwaka 1966 na kuandika majina yao. Mtafiti wa fasihi simulizi hawezi kuikana hoja ya bahari. Yeye ndiye anayefundisha kila mwaka kwamba msimulizi hurithi fomula na kuzifuma upya.

Hata hivyo kuna tofauti kati ya fomula na utungo, na hapa mapokeo ya ushairi wa Kiswahili yana jambo la kusema. Mtunzi wa takhmisa huchukua ubeti wa mishororo miwili wa aliyemtangulia, akautilia mitatu yake, ikawa mitano. Hamwombi radhi mtu yeyote. Ufundi wake umo katika kuoanisha maneno yake na ya mwenziwe hata mshono usisumbue sikio, ilhali mshono wenyewe upo na kila mjuzi anauona. Takhmisa inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mshairi wa Al-Inkishafi, imejengwa juu ya utungo wa Fumo Liyongo, na hadi leo hutajwa kuwa Takhmisa ya Liyongo. Jina lililotangulia ndilo lililobaki juu. Aliyekuja baadaye hakupungukiwa na heshima. Kinyume chake, alipimwa kwa ukubwa wa yule aliyethubutu kusimama kando yake.

Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa hapa: mtunzi na mghani. Mghani aweza kuupa utungo uhai ambao mtunzi wake hakuuota, akasifiwa kuliko yeye, na hakuna anayedhulumiwa maadamu inajulikana nani ni nani. Led Zeppelin, katika nyimbo hizi, walikuwa waghani wa ajabu walioandikwa kuwa watunzi. Wala haiwezi kusemwa kwamba hawakujua desturi. Walimtaja Dixon walipotaka. Mwaka 1971 walimwalika Sandy Denny aimbe wimbo mmoja, na kwa kuwa albamu ile haikuwa na jina wala maandishi ya bendi jaladani, ila alama nne za wanabendi, Denny naye alichorewa alama yake. Waliojua kumtaja mgeni wa wimbo mmoja kwa alama walijua pia kumtaja Holmes kwa herufi.

Na jina lililoandikwa si pambo. Katika biashara ya santuri, anayeandikwa mtunzi ndiye anayelipwa mrabaha wa utunzi kila nakala inapouzwa. Kwa Bredon, neno jadi lilikuwa na maana ya miaka ishirini bila malipo.

Ipasavyo, shauri maarufu kuliko yote dhidi ya bendi ndilo lililokuwa dhaifu kuliko yote. Mwaka 2014 msimamizi wa mali za marehemu Randy Wolfe, mpiga gitaa wa bendi ya Spirit, alidai kwamba mwanzo wa Stairway to Heaven ulitoka katika Taurus, wimbo wa Wolfe wa mwaka 1968. Baraza la mahakama Los Angeles liliwaachilia Led Zeppelin mwaka 2016. Rufaa ikarudisha kesi mwaka 2018. Majaji wengi zaidi wakaithibitisha hukumu ya kwanza Machi 2020, na Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza Oktoba mwaka huo. Kinachofanana katika nyimbo hizo ni mshuko wa sauti hatua kwa hatua, ambao wanamuziki wameutumia kwa karne nyingi. Hapa kweli ilikuwa bahari. Tena ukubwa wa Stairway haumo katika mshuko ule: umo katika subira yake, gitaa na filimbi zikitembea peke yao hadi dakika ya nne ipite ndipo ngoma ziingie.

Ila kuna jambo katika kesi hiyo ambalo wanaisimu hawana budi kulitazama kwa makini. Kwa kuwa Taurus ilisajiliwa chini ya sheria ya zamani, kilicholindwa kilikuwa nota zilizoandikwa kwenye karatasi iliyowekwa ofisini, wala si sauti iliyomo katika santuri. Baraza halikuruhusiwa kulinganisha santuri kwa santuri. Watu waliitwa kuamua kama wimbo umeibwa, na wimbo wenyewe ukazuiwa kuwa ushahidi wa kufanana. Sheria ilisikia kwa macho. Athari ya kanuni hiyo kwa wale ambao muziki wao uliishi kidoleni na kooni, na ambao nota zao ziliandikwa na karani wa kampuni kwa mkato, ni rahisi kukisia. Wanaohariri tenzi kutoka miswada huku wakizisahau sauti za wanaozighani wasiwe wepesi wa kuwacheka majaji.

Je, basi, wanastahili? Jina la wajenzi wa sauti wanalistahili, na pengine hakuna bendi ya roki ya kizazi chao iliyolistahili zaidi. Jina la watunzi wanalistahili kwa sehemu kubwa ya kazi za baada ya 1970, Kashmir na Stairway zikiwamo. Kwa albamu mbili za kwanza, zilizowafanya wajulikane dunia nzima, hawalistahili kwa kipimo walichojipa, na ukweli kwamba majina yalirudishwa mmoja mmoja, kwa madai na mapatano, miaka mitatu, ishirini, arobaini baadaye, hauwezi kuhesabiwa kuwa ukarimu. Mgala muue na haki umpe, wasema Waswahili. Katika shauri hili haki inadaiwa pande zote mbili, na anayempunguzia Bonham ili amwongezee Dixon hajamtendea haki yeyote.

Hata palipo na nia njema, kazi ya kutaja majina haikwishi mara moja. When the Levee Breaks, ule wa ngoma za ukumbini, ulirekodiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1929 na mume na mke, Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, kuhusu gharika ya mto Mississippi ya mwaka 1927. Mwaka 1971 Led Zeppelin waliandika majina yao manne, wakaongeza la Memphis Minnie. Sauti inayoimba katika santuri ya 1929 ni ya McCoy. Jina lake hawakuliandika.