Hosana: Kilio Ndani ya Shangwe

Leo tunalo neno moja tu: hosana.

Umelisikia tangu utotoni. Jumapili ya Matawi waumini wanaandamana na makuti mabichi ya mnazi mikononi, watoto wameshayasuka misalaba, kwaya imetangulia. Uliza maana ya hosana, wengi watakujibu kuwa ni sifa, kama haleluya. Lakini halikuanza hivyo.

Ni maneno mawili ya Kiebrania. Hoshia ni okoa. La pili, na, ni kaneno ka kusihi, karibu na jamani yetu. Yaunganishe: tuokoe, jamani! Ndivyo lilivyo katika Zaburi ya 118, aya ya 25.

Fungua Wafalme wa Pili, sura ya 6. Samaria imezingirwa, njaa imekaza, kichwa cha punda kinauzwa vipande 80 vya fedha. Mfalme anapita juu ya ukuta, na mama mmoja anamlilia: hoshia! Okoa, bwana wangu mfalme. Mama yule haimbi. Ana njaa. Hapo ndipo unapolisikia neno hili likiwa bado bichi.

Shangwe ilitoka wapi? Katika Sikukuu ya Vibanda, Wayahudi huzunguka na matawi wakiomba kwa neno hilohilo, na siku ya saba huzunguka mara 7. Sikukuu yenyewe ni ya furaha, hivyo ombi likazoea kukaa na furaha mdomo mmoja, hata matawi nayo yakaitwa hosana.

Basi Yesu alipoingia Yerusalemu, umati ulikuwa na neno lake tayari. Watu walio chini ya utawala wa Roma wanamlilia mfalme wao awaokoe, na jina lake lenyewe limetoka katika mzizi huohuo wa kuokoa! Mathayo, Marko na Yohana waliliacha neno lilivyo, bila kulifasiri, Luka hakuliandika. Biblia zetu nazo zimeliacha lilivyo.

Mama mmoja aliwahi kuniambia kwamba mwaka aliofiwa na mwanawe alibeba tawi lake kimya, kwa kuwa hakuwa na shangwe ya kuimbia hosana. Nami nilinyamaza, maana sikujua. Laiti ningalijua, ningalimwambia: mama, siku ile neno lile lilikuwa lako kuliko la kwaya nzima.