MARADHI YA SUKARI NA UNYUMBA KWA WANAWAKE
(Nakala ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara kwa wafanyakazi na wananchi)



Mimi si daktari. Kazi yangu ni kufikisha habari, na habari ya leo imekwepwa muda mrefu kwa sababu ya haya. Mwanamme mwenye kisukari akipungukiwa na nguvu, mara nyingi huulizwa, na dawa zipo. Mwanamke aghalabu haulizwi, na mwenyewe hasemi. Namjua mama mmoja aliyehamia chumba cha watoto kwa miaka miwili. Mumewe alidhani hatakiwi tena, jamaa wakadhani kafanyiwa jambo. Alipopimwa damu kwa sababu ya kidonda cha mguu ndipo ilipojulikana kuwa ana sukari.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi hudhuru mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu. Kama madhara hayo yanavyofika machoni, kwenye figo na kwenye nyayo, ndivyo yanavyofika katika maungo ya siri. Hisia hupungua, uke hukosa unyevu, na tendo la ndoa huwa maumivu. Uchovu na huzuni ya maradhi nazo huondoa hamu. Baadhi ya dawa za shindikizo la damu na za huzuni huweza kuchangia, lakini mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake, amweleze aliyemwandikia.

Ninalotaka tulitulie ni fangasi, kwani fangasi hustawi penye sukari. Mwanamke anayepata muwasho na uchafu mweupe mzito, akatibiwa ukarudi, akatibiwa tena ukarudi, huenda ana kisukari asichokijua. Zipo pia dawa mpya za kisukari zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, nazo huongeza fangasi za ukeni. Muwasho huo si dalili ya uchafu wala ya uasherati. Wako wanaokimbilia kujiosha ndani kwa sabuni, ndimu au shabu. Nawaombeni sana mama zangu: kufanya hivyo huondoa kinga ya asili na kuzidisha ukavu na michubuko, na maradhi hubaki palepale. La kufanya ni kupima. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, kikarudiwa siku nyengine kikawa hivyo hivyo, hicho ni kisukari.

Tiba ipo. Fangasi ina dawa, na sukari ikidhibitiwa hupungua kurudi. Kwa ukavu vipo vilainishi vya maji, na kwa waliokoma hedhi daktari anaweza kuandika krimu ya homoni. Anayetumia insulini ajue kuwa tendo la ndoa ni kazi ya mwili. Akitetemeka na kutoka jasho la baridi, sukari imeshuka, na awe na kitu kitamu karibu. Anayetaka mtoto aidhibiti sukari kabla ya kushika mimba, maana viungo vya mtoto huumbika katika wiki za mwanzo, pengine mama hajajijua.

Chuoni tulisomeshwa tohara, hedhi na janaba tungali wadogo, na hakuna aliyeona ajabu. Iweje mtu mzima ashindwe kumwambia daktari kuwa anaumia? Masomo na makungwi wanaowafunda biharusi nao waongeze habari hii katika mafunzo yao. Waume nawaomba wafuatane na wake zao kliniki, si kungoja nje barazani.

Anayeona taabu kumwambia mwanamme aombe muuguzi wa kike, na akishindwa pa kuanzia aseme maneno haya tu: “Nina sukari, na unyumba unaniuma.” Yaliyobaki muuguzi atayauliza mwenyewe.