Chini ya Shamba Kuna Nini? Mapango Yetu na Ramani ya Kompyuta

(Hotuba kwa mkutano wa kamati za maji na vikundi vya vijana, Pwani)

Tunajua wengine mnanong'onezana: karo haijalipwa, mahindi yamekauka, na hawa wamekuja na habari ya mapango! Ngojeni kidogo tu, mtaona yanavyotuhusu.

Jina la Shimoni kule Kwale lenyewe linatukumbusha kwamba watu wa Pwani wameishi na mapango tangu zamani. Sehemu kubwa ya ukanda wetu wa bahari imelala juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya mvua huyala mawe hayo polepole, miaka na miaka, mpaka yakafanya nyufa, mifereji na mapango. Na maji hayo hayo ndiyo tunayoteka visimani. Kwenye mchanga maji huchujwa yakishuka. Kwenye nyufa za mawe hayachujwi, hukimbia tu. Basi choo kikichimbwa juu ya pango, uchafu waweza kufika kisimani upesi sana. Kwa hiyo pango ni habari ya afya.

Sasa, iko ramani ya kompyuta ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia na kuichora bila malipo. Inaitwa OpenStreetMap, nayo ilianzishwa Uingereza mwaka 2004. Vijana wa Kibera waliitumia mwaka 2009 kuchora mtaa wao. Humo kila kitu ni nukta, mstari au eneo, pamoja na maneno ya kukieleza. Kisima ni nukta, barabara ni mstari, shamba ni eneo.

Lakini ramani ni bapa kama mkeka. Pango lililo chini ya barabara utalichoraje? Hufanyika hivi. Mlango wa pango huwekwa kama nukta. Njia ya ndani huchorwa kama mstari, nao hupewa namba ya tabaka: juu ya ardhi ni sifuri, chini yake ni kutoa moja. Namba hiyo haisemi ni mita ngapi kwenda chini. Inasema tu kipi kiko juu ya kipi. Tena mstari wa pango usiunganishwe na barabara unapopita chini yake, maana kompyuta itadhani ni njia panda!

Na kupima je? Simu hujua mahali ilipo kwa mawimbi ya setilaiti, na mwamba huyazuia. Hata nje peupe simu huweza kukosea kama mita 5, na chini ya miti zaidi. Kwa hiyo mlangoni tunachukua nukta kwa simu, kisha ndani tunaingia na tepu, dira na kifaa cha kupima mwinamo, kituo hadi kituo, huku mmoja akiandika. Ni kazi ya subira. Pango la Leviathan kule Chyulu, lililofanywa na lava, limepimwa zaidi ya kilomita 11.

Sisi wenyewe tulikosea mwanzoni. Tuliweka nukta ya mlango peke yake, tukaona kazi imekwisha. Mwenzetu mmoja akaangalia ramani, akaona shamba tupu, akaanza kuchimba choo mbali kidogo na mlango ule. Siku ya tatu sururu ikatoboa, ikamponyoka, ikapotelea gizani. Yeye hakuumia, tunashukuru. Lakini tulijifunza: mahali patupu kwenye ramani si lazima pawe patupu chini.

Jambo la mwisho ni heshima. Panga ya Saidi kule Kilifi ni mahali pa ibada, na pia ndipo walipofukuliwa mabaki ya mtoto aliyezikwa miaka kama 78,000 iliyopita, habari iliyotangazwa mwaka 2021. Pango kama hilo linajulikana duniani kote. Lakini yako mengine ambayo wazee wa kaya hawataki wageni wayajue. Hayo tusiyaweke. Kitu kikishaonekana na watu wengi, hata ukikifuta, umechelewa. Ramani ya kamati inaweza kubaki kwenye daftari, na bado ikalinda kisima.

Basi tunaomba kila kamati ifanye mambo matatu. Kwanza, waulizeni wazee mashimo yako wapi, na yapi ni ya siri. Pili, msiingie pangoni peke yenu: nendeni watatu au zaidi, na taa za akiba, na mtu abaki nje akijua saa ya kurudi. Tatu, kabla ya kuchimba choo au kisima, fungueni ramani na daftari, mwulize pia majirani.

Tukijua kilicho chini, watoto wetu watakunywa maji safi.