TOZO YA MAFUTA NA BARABARA ZETU

Kwa waliokosa kikao cha jana, haya ndiyo tuliyoyazungumza.

Mtaani tunasema barabara inalipiwa na mwenye gari. Si kweli. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, ikaongeza Sh 40 kwenye ushuru wa bidhaa kwa kila lita ya mafuta. Tangu hapo analipa kila anayenunua mafuta, awe na gari au hana. Mchimbaji mwenye pampu ya kutoa maji shimoni, mwenye karasha, mkulima wa mpunga anayemwagilia kwa mashine, wote wamo, ingawa pampu haijawahi kukanyaga lami.

Sasa tutenganishe mafungu, maana hapa ndipo tunapochanganya. Hiyo Sh 40 inaingia kapu kuu la Serikali. Tozo ya barabara ni nyingine: inakwenda Mfuko wa Barabara, uliowekwa kisheria mwaka 1998, na sehemu kubwa ni ya matengenezo, si barabara mpya. Mwaka 2021 iliongezwa Sh 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA, yaani hizi zetu za vijijini na mitaani.

Kijana wa bodaboda anayeweka lita 2 kwa siku, kwa siku 300, ni lita 600. Kwa hiyo Sh 100 peke yake katoa Sh 60,000 kwa mwaka. Na mvua ikiondoka na kalavati, ndiye huyo huyo anayembeba mjamzito kuvuka korongo usiku.

Wapo waliosema mgodi utengeneze. Ni kweli Barrick ilikubali kugharimia Kahama–Kakola, na ushuru wa huduma wa migodi unaingia halmashauri. Lakini ile ni njia kuu. Mtaro wa kitongoji chetu una fungu lake, na tumeshalilipia kituo cha mafuta.

Tumekubaliana tumwombe mheshimiwa diwani atuletee mpango wa TARURA wa mwaka huu, barabara kwa barabara, ukionyesha kilichotengwa na kilichopokelewa. Hivyo ni vitu viwili, na wenye kushika vitabu vya hesabu wanajua pengo lililopo katikati. Mabalozi wa mashina, leteni orodha ya makalavati yaliyobomoka kabla ya Ijumaa. Picha pia zinapokelewa, ila andikeni jina la mahali.

Katibu wa Tawi