Lugha Nne Darasani: Tusiufunge Ulimi wa Mtoto

(Mawaidha kwa wazazi na walimu wa madrasa)

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (s.w.), Aliyemuumba mwanadamu na kumfundisha kubainisha. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baad.



Mada yetu ni lugha katika madrasa zetu. Sisi tunaosomesha huku Tanga tunapokea watoto ambao nyumbani huzungumza Kidigo, Kibondei, Kisambaa au Kizigua. Njiani na sokoni ni Kiswahili. Wakifika sekondari, masomo ya asubuhi ni kwa Kiingereza. Alasiri wanakuja kwetu kusoma Kiarabu. Hii ni neema. Katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu amezitaja tofauti za ndimi zetu na rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara Zake. Lakini darasani tunaona neema hii imegeuzwa kuwa daraja za kupimia watu.

Hukumu za watoto zimetoka kwetu

Mwanafunzi anayesema Kiingereza huhesabiwa mwerevu kabla hajajibu swali. Kiarabu huheshimiwa, lakini heshima yenyewe imechanganyika na hofu. Mtoto hukisoma, wala hathubutu kuuliza maana yake. Kiswahili huonekana lugha ya mchezoni. Ama lugha ya bibi yake, huionea haya: mama akimwita kwa Kidigo mbele ya wenzake, yeye huitikia kwa Kiswahili.

Mtoto hakuzizua hukumu hizi. Amezirithi kwa mzazi anayejifaharisha mbele ya wageni kwa Kiingereza cha mwanawe, na hajamuuliza hata siku moja Sura ya Al-Asr inatuambia nini. Amezirithi kwa mwalimu anayecheka lafudhi ya mtoto wa shamba. Amezirithi hata kwa khatibu anayepanga ibara ndefu za Kiarabu bila ya kuzifasiri, akadhani ukimya wa waumini ni unyenyekevu.

Kibao cha shingoni

Mwandishi wa Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, ameeleza jinsi katika shule za wakoloni mtoto aliyekamatwa akisema lugha ya kwao alivyochapwa au kuvikwa shingoni kibao cha kumdhalilisha, na jinsi watoto walivyofanywa kusakana wao kwa wao. Mkoloni ameondoka, na kibao bado kipo. Zipo madrasa ambamo mtoto akiteleza akasema Kiswahili siku ya Kiarabu, huvishwa kibao, wala hakivui mpaka amkamate mwenzake.

Tujiulize, ndugu zetu: tunafundisha lugha ya Qur'ani kwa njia ambayo Qur'ani yenyewe imeikataza? Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, imekataza watu kudharauliana, na aya ya 12 ikakataza kupelelezana. Kibao kimekusanya yote mawili, nasi tukakiita malezi.

Na matokeo yake ni nini? Mtoto hunyamaza. Husoma juzuu nzima kwa sauti nzuri, akiulizwa maana ya aya moja hutazama chini. Wala maswali yake hayaishi kwa kuwa amenyamaza. Akibaleghe, swali la tohara, la ndoa au la itikadi ataliuliza kwa yeyote atakayemjibu kwa lugha anayoifahamu, hata kama ni mtu asiyemjua, kwenye simu, asiye na elimu wala amana. Hasara hiyo ni yetu sote.

Mwendo wa Mtume na wanavyuoni

Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura ya Ibrahim, aya ya 4, kwamba kila Mtume Alimtuma kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Lengo basi ni kubainisha. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akilikariri neno mara tatu mpaka lifahamike. Alimwamrisha Zayd bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda wa nusu mwezi. Na katika Sahihi ya Bukhari tunasoma kuwa Abu Jamra alikuwa akifasiri baina ya Ibn Abbas (r.a.) na watu. Baraza la bingwa wa tafsiri ya Qur'ani lilikuwa na mkalimani, na halikupungukiwa heshima.

Katika pwani yetu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah huko Mombasa mwaka 1932, alilitoa kwa Kiarabu na Kiswahili. Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliifasiri Qur'ani kwa Kiswahili, na tafsiri yake kamili ikachapishwa mwaka 1969. Wote wawili walikuwa mabingwa wa Kiarabu, wala hawakuona kuwa Kiswahili kinawashusha.

Kiswahili ni ngazi

Isifahamike kuwa tunakipunguza Kiarabu. Sisi tuliosoma masomo ya juu kwa lugha hiyo tunajua ni milango mingapi inafunguka kwayo. Na matamshi yana uzito: anayeshindwa kutenganisha qaf na kaf huugeuza moyo, qalb, ukawa mbwa, kalb.

Lakini Kiswahili ni ngazi ya kupandia. Mswahili husema "anasoma", na mtendaji yumo ndani ya neno hilo hilo. Mwarabu naye husema "yaqra'u". Mtoto akionyeshwa hivyo, hofu humtoka. Kisha aonyeshwe panapoteleza. Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa mume na mke, Kiarabu kina "huwa" na "hiya". "Sakafu" kwetu hukanyagwa, "saqf" kwao ni dari. Neno letu "sura" limebeba maneno mawili: la herufi ya sin ni sura ya Qur'ani, la herufi ya swad ni umbo.

Tunayousia

Kwanza, vibao viondolewe madrasani, na kejeli za lafudhi ziondoke navyo.

Pili, mwanafunzi aulize kwa lugha yoyote aiwezayo. Mwalimu amjibu mpaka afahamu, kisha ampe ibara ya Kiarabu airudie. Kiarabu kitaingia kikiwa kimebeba maana.

Tatu, kila juma wanafunzi wafundishwe maana ya aya chache, waende wakamweleze mama au bibi kwa lugha ya nyumbani. Atakayeweza kufanya hivyo amefahamu, na bibi naye amepata fungu lake la elimu.

Nne, enyi wazazi, mtoto akirudi chuoni msimuulize tu amefika wapi. Muulizeni amefahamu nini.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, azifungue ndimi za watoto wetu kwa haki, na azijaalie madrasa zetu ziwe nyumba za fahamu na huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.