Zahanati ni Mali ya Kijiji: Nafasi ya Mwananchi katika Huduma za Afya Zilizo Karibu Naye

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wenyeviti wa vijiji, watendaji na wajumbe wa kamati za usimamizi wa zahanati



Waandaaji walinipa uwanja mpana: huduma za afya kwa wakazi wa maeneo yetu. Nimeona niache hospitali za rufaa na mashine zake, nibaki zahanati. Ndiko wengi wetu tunakoanzia tunapougua, na kuna wasiovuka hapo maisha yao yote. Ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba katika vijiji vyetu huduma zilizopo ni nyingi kuliko zinazotumika. Mwananchi hajui anastahili nini, na akikwama hajui aulize wapi. Mahali pa kuuliza pamewekwa kwa sheria tangu zamani, na sisi tuliomo humu ukumbini ndio tuliokabidhiwa kupasimamia.

Tulikotoka

Mwaka 1973 Redio Tanzania Dar es Salaam ilirusha vipindi vya kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee waliomo humu wanaikumbuka. Watu walikusanyika kwenye kikundi, redio moja katikati, mwezeshaji ameshika kitabu. Kipindi kikiisha, mazungumzo ndiyo yanaanza: tatizo hili kwetu lipo au halipo? Kama lipo, tunafanya nini, nani atafanya, na lini? Walishiriki watu wapatao milioni mbili, katika vikundi takriban 75,000. Vyoo vikachimbwa, visima vikasafishwa, vichaka vikafyekwa. Mataifa yalipokutana Alma-Ata Septemba 1978 kutoa azimio la afya ya msingi, vijiji vya Tanzania vilikuwa vimeshalishika jembe miaka mitano nyuma.

Leo elimu ya afya mara nyingi inaletwa na gari la matangazo. Linapita barabara kuu mchana, wakati watu wako shamba, linatangaza tarehe ya chanjo au onyo la kipindupindu, kisha linaondoka. Hakuna aliyeulizwa kitu. Sisemi gari hilo halina kazi. Tarehe ya chanjo lazima itangazwe. Ila kuwatangazia watu ni kazi moja na kukubaliana nao ni kazi nyingine, na hii ya pili tumeiacha.

Mwaka 2007 ulikuja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wenye lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Hapo wananchi hawakulala. Walichanga, wakafyatua tofali, wakasomba mawe na mchanga, wakapandisha kuta mpaka kwenye lenta wakisubiri halmashauri iezeke. Mnayajua maboma yaliyoota majani yakingoja bati. Palipofanikiwa, jengo lilifunguliwa, utepe ukakatwa, mganga akakabidhiwa funguo. Na hapo ndipo kijiji kilipokosea, kwa maoni yangu: kiliona kazi yake imekwisha siku ya utepe.

Kilichopo ndani ya zahanati

Nenda zahanati yoyote siku ya kliniki, saa mbili asubuhi. Akina mama wamejaa kwenye benchi, wengine wamekaa chini kwenye kanga. Wajawazito wameshika kadi namba 4, wenye watoto wameshika kadi namba 1. Mtoto anavuliwa nguo, anavalishwa ile suruali ya kupimia, anatundikwa kwenye mizani inayoning'inia, naye anapiga kelele mpaka nje. Muuguzi anasoma kilo, anaweka nukta kwenye chati, anaita wa pili. Dakika mbili zimekwisha. Mama anakunja kadi, anaitia kwenye mfuko wa plastiki, anaondoka.

Ile nukta ndiyo habari yenyewe. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Ukilala kwa miezi miwili mfululizo, mtoto ameacha kukua, hata kama usoni anang'aa na bibi yake anasema ni mnene. Chati hugundua kuzorota kwa ukuaji mapema kuliko jicho la mzazi. Lakini ni akina mama wangapi wanaoelezwa hivyo? Muuguzi ni mmoja, akina mama ni arobaini, simlaumu. Maelezo hayo yangeweza kutolewa na mtu mwingine pale pale kwenye benchi wakati watu wanasubiri zamu, na mtu huyo nitamtaja baadaye.

Kazi ya kliniki hizi imezaa matunda. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 63 ya waliojifungua walijifungulia kwenye vituo vya afya. Ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 81. Makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yalishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 104. Hao wanaoendelea kufariki hawafi kwa kukosa dawa ya ajabu. Wataalamu wa uzazi husema mama hufa kwa ucheleweshaji wa aina tatu: nyumbani wanapochelewa kuamua, njiani wanapochelewa kufika, na kituoni anapochelewa kuhudumiwa.

Ule wa njiani una dawa, nayo ni namba 115. Ni simu ya bure ya mfumo wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mjamzito akipata dharura, au aliyejifungua ambaye hajatimiza siku 42, au kichanga ambaye hajafikisha siku 28, piga. Anayepokea anauliza dalili na mahali mlipo, kisha anatafuta gari la wagonjwa. Kama liko mbali, anamwita dereva wa jamii, yaani mtu wa huko huko kwenu mwenye gari aliyeandikishwa na kupewa mafunzo. Anampeleka mama kituo alichoelekezwa, na malipo yake anatumiwa kwa simu. Familia haitoi nauli. Sasa nawauliza, ndugu wenyeviti, bila kunyoosha mikono: katika kitongoji chako, ni nyumba ngapi zinaijua namba hiyo kwa kichwa? Saa nane ya usiku hakuna anayetafuta bango.

Kuhusu malipo, sera ya afya inawasamehe wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Kifua kikuu kinatibiwa bila malipo, kwa hiyo anayekohoa wiki mbili hana sababu ya kuendelea kununua dawa za kikohozi dukani. Asiye na uwezo kabisa naye ana njia yake: serikali ya kijiji inamtambua, mtendaji anaandika barua, ofisi ya ustawi wa jamii inathibitisha. Barua hiyo isiwe fadhila ya mtendaji. Mzee anapoambiwa arudi kesho, na kesho kutwa, huku shinikizo lake la damu liko juu, aliyemnyima matibabu ni ofisi ya kijiji na wala si zahanati.

Tuseme na ukweli wenyewe ulivyo. Msamaha wa malipo haujazi rafu ya dawa. Mzee anamwona tabibu bila kulipa, halafu anaandikiwa karatasi akanunue kwenye duka la dawa muhimu, kwa bei ya dukani. Manung'uniko haya ni ya haki, nami nitayarudia nikifika kwenye fedha.

Magonjwa yasiyoingia na homa

Zahanati zetu zilijengwa kwa ajili ya mama, mtoto na malaria. Mtu mzima anayetembea kwa miguu yake, hana homa, hana kidonda, haoni kinachompeleka kule. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta watu 26 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu, na 9 wana kisukari. Wengi wao hawakuwa wakijua. Shinikizo haliumi. Linajitambulisha siku mtu anapoanguka na mdomo kwenda upande, na hapo majirani wanaanza kuulizana nani kamroga.

Kupima kunachukua dakika tano, na kifaa kinaendeshwa na betri nne ndogo. Nimeona kifaa hicho kimefungiwa kabatini kwa sababu betri zimekwisha na kila mtu anamngoja mwenzake anunue. Hapa sihitaji kueleza zaidi.

Tunayo Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila baada ya miezi mitatu. Watoto wanapimwa mzingo wa mkono, akina mama wanapika uji wa mfano, watu wanaelimishwa. Wanaume wanapita pembeni wakielekea kijiweni, wakijua hiyo ni siku ya wanawake. Wekeni meza moja ya kupima shinikizo, ikae upande wa kijiweni, na mwenyekiti wa kijiji awe wa kwanza kukunja shati. Hakuna bajeti inayohitajika hapo.

Fedha na kamati

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za afya zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya zahanati. Wananchi wengi hawalijui hili, na wajumbe kadhaa wa kamati nao hawalijui sawasawa. Zamani fedha zilikaa halmashauri, na mganga alikuwa akiomba mpaka sabuni. Sasa zahanati ina mpango wake wa mwaka, ina akaunti, na ina mapato: fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, malipo ya papo kwa papo, na marejesho ya bima. Dawa zikikosekana Bohari ya Dawa, zahanati inaweza kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa na mkoa, utaratibu ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na baadaye ukaenezwa nchini.

Kwa hiyo rafu ikiwa tupu, yapo maswali yanayojibika. Maombi ya dawa yalipelekwa tarehe ngapi? Bohari ilijibu nini? Kwenye akaunti kulikuwa na kiasi gani siku hiyo? Mshitiri aliulizwa? Maswali hayo si ya kumsakama mganga. Mganga mzuri anayataka, kwa sababu yanamwondolea lawama ambazo si zake. Mwenye haki ya kuyauliza ni kamati ya usimamizi wa zahanati, ambayo wajumbe wake wanachaguliwa na wananchi na katibu wake ni mganga mfawidhi mwenyewe. Inapaswa kukutana kila robo mwaka. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mwenyekiti wa kamati anafuatwa nyumbani, anaonyeshwa mahali pa kusaini, anasaini. Robo imepita.

Kuhusu bima niseme kwa kifupi. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao wenyewe tunauita CHF, uliingizwa kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inabadilisha mambo mengi, hivyo watendaji mpate maelezo ya halmashauri kwa maandishi kabla ya kuwatajia watu kiasi chochote. Mwananchi aliyetajiwa bei mbili tofauti hachangii hata moja.

Wahudumu wa jamii na mkutano mkuu

Yule mtu wa kwenye benchi niliyeahidi kumtaja ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango wa taifa uliozinduliwa Dar es Salaam Januari 2024 unalenga wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano: wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wanaopitia mafunzo ya miezi sita. Huyu ndiye wa kumweleza mama maana ya nukta, kumkumbusha mzee vidonge vyake, kuiandika 115 kwa chaki nyuma ya mlango wa mjamzito. Kwa kuwa uteuzi wake unaanzia kijijini, naomba msimpeleke mpwa wa mwenyekiti kwa sababu hana kazi. Mpelekeni mtu ambaye akibisha hodi anafunguliwa.

Na mkutano mkuu wa kijiji ndipo mahali penyewe pa kuuliza. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 unapaswa kufanyika walau kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji ina kamati ya huduma za jamii, zahanati ina kamati yake, na zote zinawajibika kwa watu wanaoketi kwenye mkutano ule. Lakini ajenda zetu ni ardhi, michango na ulinzi. Afya inaingizwa kwenye mengineyo, jua likiwa limeshazama na akina mama wamekwenda kupika.

Ombi langu kwenu ni hili. Katika mkutano mkuu ujao, taarifa ya zahanati iwe ajenda ya kwanza baada ya kufungua kikao, na isomwe na mjumbe wa kamati aliyechaguliwa na wananchi, mganga akiwepo kujibu maswali. Isomwe fedha iliyoingia, iliyotoka, dawa zilizokosekana na kwa siku ngapi. Kabla ya wiki hii kwisha, bandikeni tarehe ya mkutano huo kwenye ubao wa zahanati, na chini yake andikeni 115 kwa herufi kubwa.